Nyumba ya Kinyonga

Wengi wetu hapa Nyeri tukimwona kinyonga hutimua mbio kana kwamba tumekutana na chui. Uhasama huu ni wa tangu jadi. Wazee husimulia kwamba alitumwa na Mungu awaambie watu hawatakufa, akakawia na kugugumia hadi ndege akafika na habari nyingine. Basi usishangae nikikuambia kwamba likizo ya Aprili, nyumbani kwetu Skuta, tulifanya kikao kizima kuamua kinyonga alale wapi.

Chanzo kilikuwa ua. Ploti tunayopanga ilizungushiwa kaiyaba, miiba mitupu, na mwenye ploti akaamua kuing'oa ajenge ukuta wa mawe. (Simlaumu sana, wezi wa kuku walikuwa wametuzidi.) Vijana wa panga walipoanza kufyeka, vinyonga wawili wakaanguka. Dume alikuwa na pembe tatu usoni, kifaru mdogo wa kijani. Jike hakuwa na pembe hata moja, ila tumbo lilikuwa limefura. Watoto wa ploti walikuwa wameshaokota mawe. Ndugu yangu mdogo, wa gredi ya tano, akawafunika kwa sweta yake.

"Hiyo kitu isiingie kwa nyumba yangu!" Mama akasema. Alipobembelezwa sana akakubali usiku mmoja tu, kila kinyonga na katoni yake.

Ndugu yangu alitaka kuwafuga kabisa. Jirani mmoja akajitolea kutupa tangi la kioo lililokuwa la samaki. Hapo ndipo nilipoingilia kati, maana nilikuwa nimesoma habari zao. Ndani ya kioo hewa hutuama, naye kinyonga akiona sura yake humo hudhani ni adui, akakasirika kutwa. Anataka kizimba cha waya, kirefu kwenda juu kuliko kwenda upande, kwa kuwa maisha yake ni ya matawini. Tena kila mmoja na chake, hawapendi kubanana. Maji hanywi kwenye bakuli, hulamba matone majanini, kwa hivyo ni lazima umnyunyizie kila siku. Halafu kuna jua. Asipolipata, mifupa yake hulegea, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimfai kitu. Wanaomfuga ndani ya nyumba kule Marekani humwekea taa maalumu. Sisi tokeni ya stima huisha kabla ya Ijumaa!

Tukafikiria kizimba cha nje. Waya wa kuku una matundu makubwa, na jike wa aina hii hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, pengine ishirini kwa mara moja, kila mmoja kama kijiti cha kiberiti. Wangepenya wote. Waya wa meza za kuanikia kahawa ungefaa. Kizimba kingewekwa nusu juani nusu kivulini, miguu yake ndani ya mikebe ya maji ili siafu wasipande, na paka wa ploti azuiwe sijui vipi. Baridi ya Julai haikunitia wasiwasi. Huyu ni mwenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya, joto jingi ndilo linalomdhuru.

Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Ndugu yangu alinuna. Nami, kadiri nilivyozidi kuhesabu mahitaji, hewa, urefu, matone ya umande, jua na kivuli, wadudu wa kula, ndivyo nilivyoona kwamba tulikuwa tunataka kujenga upya kaiyaba ile ile iliyokuwa ikichomwa moto pale nje.

Ajabu ni kwamba vinyonga hawa hawa walipelekwa Hawaii mwaka 1972, kwa mwenye duka la wanyama. Aliwaachilia bustanini mwake wapate nguvu baada ya safari. Hawakungoja kurudishwa ndani. Leo wameenea visiwani humo na wanakula konokono wa asili wa huko, hata wataalamu wanalalamika. Huko ni wengi kupita kiasi, na huku kwao tunawafyekea malazi.

Asubuhi tulimwomba nyanya mmoja anayeishi chini ya mteremko, ambaye kaiyaba yake haijaguswa. Alitema mate kando, akasema, "Wekeni, lakini mbali na mlango wangu." Tukawaweka, dume pembe hii, jike pembe ile. Ndugu yangu huenda jioni na tochi kuwatafuta, kwa kuwa usiku rangi yao hupauka wakaonekana upesi. Dume amemwona mara nne. Jike bado.

Kwetu ukuta umefika kona ya pili. Upande wa chini zimebaki hatua ishirini hivi za kaiyaba, na Mama, yule yule, ameahidi kuzungumza na mwenye ploti akija kuchukua kodi.