Mpini Mmoja, Majembe Mengi



Jumamosi iliyopita, tukiwa tunangoja mvua ipungue, tuliwauliza watoto wa mafundisho ya Kipaimara swali la mchezo tu: neno "piga" lina kazi ngapi? Walituzidi kwa kasi. Kupiga simu, kupiga pasi, kupiga deki, kupiga mswaki, kupiga picha, kupiga miayo (hapo walitutazama, maana wanadai homilia zetu ni ndefu). Mtu hupiga hodi pasipo kugusa mlango. Wakubwa wao wangeongeza "upigaji" wa fedha za umma, usioacha alama mwilini mwa mtu bali kwenye zahanati isiyokwisha kujengwa.

Kitenzi hiki kikishikana na jina, mara nyingi huliachia jina hilo maana yote. Chenyewe hubaki mpini. Jembe ni neno linalofuata.

Ndipo mtoto mmoja akasema, bila kusita, "Kupiga ramli." Wenzake hawakucheka wala kushtuka. Kwao lilikuwa neno la kila siku, kama deki.

Ramli ni neno lililotoka Uarabuni, na asili yake ni mchanga, kwa kuwa wapigaji wa kale walichora alama zao mchangani. Huku kwetu Usukumani mchanga si lazima; wengine humpasua kuku na kumtazama ndani. Laiti mambo yangeishia kwa kuku! Ramli chonganishi humtaja mtu. Na anayetajwa mara nyingi ni bibi kizee, pengine mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, wananchi wa Kanda ya Ziwa waliitwa kupiga kura ya siri ili kuwataja washukiwa. Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kura, marufuku, ramli: mpini ni ule ule.

Nasi tuna letu la kukiri. Katika parokia tuliyoitumikia kabla ya kuja Kishapu, bibi mmoja alitufuata ofisini baada ya Misa ya asubuhi. Hakukubali kiti. Alipiga magoti, akasema, "Baba, nimetajwa."

Tulimwinua, tukambariki, tukamwahidi kufika kwake Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tulikuwa na vikao vya ujenzi, ni kweli. Lakini pia tuliijua familia iliyokwenda kwa mganga, na baba wa familia hiyo alikuwa miongoni mwa wachangiaji wetu wakubwa. Tukapiga kimya. Alhamisi tulikuta mlango umefungwa kwa waya na kuku wakizunguka uani bila mwenyewe. Jirani alisema bibi ameondoka usiku kwenda kwa binti yake, upande wa Geita. Hatukuuliza zaidi. Hatujamwona hadi leo.

Katika Misa, tunapoungama makosa yetu, hujipiga kifua. Mtoza ushuru wa Injili ya Luka alifanya hivyo akiwa amesimama mbali, wala hakumtaja mtu mwingine yeyote. Watoto walilisahau hilo Jumamosi, nasi hatukuwakumbusha. Tunapofika mahali pa kutotimiza wajibu, mkono wetu huwa mzito.

Yule baba wa familia ni mzee sasa. Juzi tulimpigia simu, baada ya miaka yote hiyo, tukamweleza tunachotaka kuzungumza naye. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema tuje Jumatatu, tutamkuta.