Dubu, Barafu na Kuni za Ijumaa

Umeme ulikatika nikiwa kwenye slaidi ya nne. Ilikuwa picha ya dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu kisichozidi ukubwa wa mkeka, maji yamemzunguka kila upande. Projekta ilizima, feni ikazima, na chumba kizima cha shule ile ya Mpanda kikashusha pumzi pamoja. Oktoba 2024, saa tano asubuhi, joto la kuiva. Walimu wa awali na walezi wa vituo ishirini na sita walianza kujipepea na daftari tulizowagawia.

"Mwalimu," akasema mama mmoja aliyekaa nyuma, "kabla umeme haujarudi. Huyo mnyama mimi nimemwelewa, nimewahi kumwona kwenye televisheni. Ila mtoto wangu wa darasani, barafu anayoijua ni ya ubuyu, ya shilingi mia. Nikimwambia inayeyuka na hilo ni tatizo, ataniambia ndiyo, ndiyo maana unailamba haraka."

Walicheka. Na mimi nilicheka, lakini nilikuwa na slaidi thelathini na saba na zote zilikuwa za namna hiyo. Sikuzitengeneza mimi. Zilitoka kwa watu wa mradi, nami nilibadilisha maneno machache tu na kuweka nembo juu. Nilikuwa nimeajiriwa kwa siku tatu kuwafundisha walimu wa watoto wadogo habari za mabadiliko ya tabianchi na utunzaji wa mazingira. Nilikubali haraka kwa sababu mbili: posho, na kwamba Mpanda ni nyumbani.

Umeme haukurudi mpaka jioni. Nashukuru.

Jambo la kwanza nililojifunza baada ya kufunga kompyuta ni kwamba somo lenyewe halikuwa geni kwao. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulikuwa na umahiri sita, na mmoja uliitwa kutunza mazingira, ukiwa bega kwa bega na kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Niliwauliza: mnapofundisha kutunza mazingira, mtoto anafanya nini hasa? Wakajibu karibu kwa sauti moja: "Anafagia."

Anafagia, anaokota makaratasi, anamwagilia ua. Hasa anafagia. Wewe uliyesoma shule ya msingi Tanzania unaujua ule uwanja: asubuhi mifagio ya fito inapita mpaka ardhi inabaki na mistari kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuna jani. Hakuna unyasi, kwa sababu unyasi ni nyoka. Kisha Novemba mvua zinaanza, na udongo wa juu wa uwanja ule uliotunzwa kwa bidii unaondoka wote na maji kwenda korongoni. Tunaufagia kwa miezi sita ili maji yasipate kazi ya kuulegeza. Sikuwaambia hivyo siku ya kwanza. Nilikuwa bado mgeni.

Yule mama wa barafu alitoka Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye akazaliwa makazini, na alikuwa mtu mzima tayari pale vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa mwaka 2014. Anafundisha darasa la awali lenye watoto sabini. Mchana tulipokaa chini ya mwembe kula wali maharage, akaniuliza bila kuniangalia:

"Mwanangu, na hili la kuni tunalisemaje?"

Shuleni kwao watoto wanakunywa uji. Uji unataka moto. Kila Ijumaa, kila mtoto, hata wa miaka minne, anakuja na ukuni mmoja. Wale wadogo wanaburuta kijiti chao mavumbini, na yeye mwenyewe anasimama mlangoni akihakikisha kila mmoja ameleta. Kisha anaingia darasani na kuwafundisha kwamba miti ni uhai.

Tuliporudi ndani alikwenda ubaoni bila kuitwa, akaandika: watoto 70, wiki 40. Akazidisha polepole, kwa sauti, kama anavyofundisha. Kuni 2,800. Darasa moja, mwaka mmoja. "Na hapo sijahesabu darasa la kwanza mpaka la saba," akasema, akaweka chaki.

Mtu akataja gesi. Mwingine akakumbusha kwamba serikali ilizindua mwezi Mei Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Walikubali kwa vichwa. Ni jambo jema, wala sisemi kwa kejeli. Lakini uji ni wa kesho saa nne, na mtungi haujafika.

Hapo ndipo mzee mmoja, mlezi wa kituo cha kanisa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia jina la baba na kijiji. Akatabasamu.

"Mwenye mabani mawili, kando ya njia ya reli?"

"Ndiyo, shikamoo baba."

"Marahaba. Basi tumbaku yenu tulikuwa tunaipima siku moja."

Hakuongeza neno, na sidhani kama alikuwa na nia yoyote. Lakini nilihisi mgongo unapata joto jingine. Kwa msomaji asiyejua: bani ni kibanda kirefu cha matofali cha kukaushia tumbaku ya mvuke. Majani yanafungwa kwenye fito, yananing'inizwa ndani, na tanuri linawashwa chini. Moto hauzimi usiku wala mchana, karibu wiki nzima, mpaka jani liwe rangi ya dhahabu. Ukisinzia, joto likashuka, bani zima linaharibika na pamoja nalo madeni ya mbolea. Likizo nyingi za utoto wangu nilizimaliza hapo, nikiamshwa saa nane za usiku kusukuma gogo. Nilijua kwa mlio kama gogo ni bichi. Msitu wa miombo uliokuwa ukianzia nyuma ya choo chetu, nilipofika kidato cha pili ulikuwa umesogea hata hatuuoni tena. Hela zilitoka kupitia chama cha msingi, na kwa hela hizo nilinunuliwa sanduku la bati, godoro, sare, na baadaye tiketi ya treni kwenda chuo. Kila kitu kilichonifanya nistahili kusimama mbele ya watu wale na kuongelea ukataji miti kilitoka kwenye tanuri lile.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaambia. Niliwaambia vibaya, kwa kurukaruka, na hakuna aliyelia wala kunipigia makofi. Mama wa Katumba alisema tu kwamba wazazi wake walipofika walipewa panga na pori, wakaambiwa limeni, na kwamba siku zile pori lilikuwa simba na mbung'o, na aliyefyeka zaidi ndiye aliyekuwa mtu wa maana. "Hakuna aliyetuambia litaisha," akasema. Kisha tukaendelea.

Siku ya pili hatukugusa umeme kabisa. Tulikata chupa mbili za maji kwa ubavu, tukajaza udongo: moja udongo mtupu wa uwanjani, nyingine udongo uleule ukiwa na nyasi na majani makavu juu. Tukamwagia maji kwa kopo lililotobolewa. Chupa ya kwanza ilitoa maji kama chai ya maziwa, ya pili yakatoka karibu meupe. Ni jaribio la zamani na rahisi, kila bwana shamba analijua, lakini kulikuwa na ukimya mzuri watu wakitazama nje dirishani, kwenye uwanja wao uliofagiwa.

Mabishano yakaanza hapo. Kijana mmoja kutoka upande wa Karema, ziwani, akasema: "Mwalimu, sisi tumechafua nini? Viwanda viko kwao, magari yako kwao, na maji ya Tanganyika yamepanda yakaingia kwenye nyumba zetu. Leo nimfundishe mtoto wa miaka mitano kwamba yeye ndiye atunze dunia?" Nilimjibu kwamba ana haki, na kwamba sehemu ya Tanzania katika hewa ukaa ya dunia ni ndogo mno. Lakini mwingine akamkatiza na kuutaja mto Katuma. Huo unapita kwetu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mwisho wake ni Ziwa Rukwa. Kiangazi viboko wanabanana kwa mamia kwenye madimbwi ya tope, watalii wanakuja kuwapiga picha. Huko juu tumekinga maji kwa mashamba ya mpunga, tumelima mpaka kingoni. "Hilo nalo limefanywa na Wazungu?"

Nilitamani kuwapa jibu moja linaloshika yote mawili na sikuwa nalo. Nilichoweza kuwaomba ni wasiweke kila kitu kwenye gunia moja. Kuna jua na mvua zinazobadilika kwa sababu ya moshi wa dunia nzima, na kuna mto unaokauka kwa sababu ya tuta alilojenga jirani. Mtoto hahitaji kuyatenganisha. Mwalimu anahitaji, vinginevyo tabianchi inageuka shetani mpya wa kusingiziwa.

Siku ya tatu waliletwa watoto. Kumi na wanane, wa darasa la awali la shule ileile, wenye miaka minne na mitano. Walimu wangefundisha kwa zamu, dakika kumi na tano kila mmoja. Binti mmoja, mlezi mpya, mchangamfu, alianza kwa picha aliyochora mwenyewe ya mti ukilia. Akawauliza watoto mti ukikatwa nini kinatokea. Walikaa kimya. Akajibu mwenyewe kwa sauti ya hadithi: mvua inaondoka, chakula kinaisha, watu wote tunakufa.

Mtoto mmoja wa kiume, shati limekosa vifungo viwili, akainua mkono.

"Baba yangu anachoma mkaa."

Binti yule akanitazama mimi. Mimi nilitazama sakafu.

"Baba atakufa?" mtoto akauliza. Hakuwa analia. Alikuwa anataka kujua.

Sijui ilipita muda gani. Mama wa Katumba alinyanyuka, akaja mbele, akachuchumaa mpaka wakawa sawa kwa urefu.

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Anachoma wapi? Umewahi kwenda naye?"

Alikuwa amewahi. Alikwenda naye kwa baiskeli. Akaeleza tanuru linavyofunikwa kwa udongo, na kwamba huruhusiwi kukanyaga juu. Mama akamuuliza ni miti gani. Mtoto akaanza kutaja kwa vidole: mtundu, myombo, na mwingine ambao jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Mninga hapana, akasema kwa ukali, mninga ni wa mbao, baba akikata mninga anakamatwa. Watoto wengine wakaingilia. Wa kike mmoja akasema nyuki wanapenda mtundu, bibi yake ndiye kasema. Dakika kumi na tano zikaisha hakuna aliyetaja mazingira, na ubaoni kulikuwa na majina tisa ya miti yaliyotoka kwa watoto wasiojua kuandika. Mimi mwenye shahada ningeweza kutambua minne msituni, labda mitano ikiwa na maua.

Baadaye binti yule alilia chooni. Nilimfuata nikamwambia kosa halikuwa lake peke yake. Slaidi ya kumi na mbili niliyokuwa nimewaandalia ilisema karibu maneno yaleyale, kwa picha kubwa zaidi.

Jioni nilimpigia baba. Bado analima, ekari moja na nusu tu sasa, na siku hizi mkulima wa tumbaku hutakiwa kupanda miti, kwa hiyo ana mikaratusi yake nyuma ya bani moja lililobaki. Nilimwambia nimefundisha habari za misitu. Akauliza wamenilipa. Nikasema wamelipa. Akanyamaza kidogo, nikisikia redio yake nyuma, kisha akasema mtundu uliokuwa kando ya kisima aliuacha makusudi, kama niliwahi kuuona. Sikuwahi. Miaka yote ile nilichota maji pale.

Ripoti niliandika. Niliandika kwamba washiriki 26 walijengewa uwezo, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku cha hivyo.

Mama wa Katumba alichukua namba yangu, na mwezi Novemba akaanza kunitumia ujumbe. Kuni za Ijumaa bado zipo. Alichobadilisha ni kwamba mtoto hatupi ukuni kwenye rundo kabla hajataja umetoka mti gani, na asiyejua anarudi nyumbani kuuliza. Anaandika orodha ukutani kwa mkaa. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba mtoto anasumbua. Mmoja alileta mche. Na ametundika chupa iliyokatwa, yenye mistari ya kalamu, nje ya dirisha, watoto wapime mvua.

Wa mwisho ulikuja Jumapili moja usiku: "Mwanangu salama? Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Chupa imefika mstari wa nne. Ila nina wasiwasi kuna mmoja aliongezea maji, nimemkamata ana kopo."

Nikamuuliza alimfanya nini.

"Nilimuuliza kwa nini. Anasema ilikuwa kidogo."