Nyavu za Garini: Safari ya Ngare Sero

Atokaye Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero hugeuza uso kaskazini, akafuata chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Mkono wa kushoto ni ukuta huo, na mkono wa kuume ni mbuga za Wamasai. Hupita Engaruka, penye mabaki ya mifereji na matuta ya mawe, kazi ya wakulima wa mamia ya miaka iliyopita. Mbele yake husimama Oldoinyo Lengai, mlima uliotapika majivu mengi katika mwaka 2007 na 2008. Na ng'ambo yake liko Ziwa Natron lenye magadi, ambako heroe huzaliana.

Mwaka 2018 nalisafiri njia hiyo, nayo wakati ule ilikuwa ya vumbi, mawe na makorongo. Gari letu lilikuwa Land Cruiser, lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Tulikuwa dereva, mimi, na mwalimu mwenzangu pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Nyuma ya viti tulirundika vitabu, unga, madumu ya maji, na juu ya vyote jeki ya chuma. Hatukufunga kitu, maana tulidhani mzigo mzito hukaa kwa uzito wake.

Kabla ya kufika Engaruka mbuzi wakakatiza njia ghafula. Dereva akakanyaga breki. Gari likasimama, lakini jeki haikusimama: ikaruka juu ya kiti, ikapiga ubavu wa gari kiasi cha shibiri moja toka kichwa cha mtoto. Hakuna aliyeumia. Mama yule akamkumbatia mwanawe, wala hakusema neno hata tulipofika Engaruka.

Basi sababu yake ni hii. Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe; Newton aliieleza kanuni hiyo mwaka 1687. Breki huzuia gari, hazizuii kilichomo. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa likigonga mti na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kitu cha kilo 10 humsukuma aliye mbele yake kwa nguvu ya kilo 200 hivi.

Tuliporudi, dereva, aliye mwana wa wavuvi wa Ukerewe, alileta kamba za nailoni na sindano ya kufumia, akaketi barazani siku mbili. Nikamwuliza, "Bwana, wavu huu utashika jeki?" Akajibu, "La, Mwalimu. Wavu hushika kile ulichofumiwa. Wa dagaa haushiki sangara."

Ndipo akanionyesha mpango wake. Vitu vizito vikae sakafuni, vimeegemea mgongo wa kiti, navyo vifungwe kwa mikanda imara katika pete za chuma. Pete hizo zikazwe kwa boliti zinazopenya bati, na upande wa pili kiwekwe kipande cha chuma; maana parafujo iliyoshika bati jembamba tu hung'oka. Nyuma ya kiti usimame wavu wa kamba nene toka dari hata sakafu, uwe ukuta baina ya watu na mzigo. Wavu wa darini ni wa blanketi na makoti, na wavu wa dirishani ni wa taa na kitambaa. Chuma na chupa visiwekwe humo kamwe. Matundu yawe madogo kuliko kitu kidogo kilichomo, na kulabu ziwe za kufungika, kwa kuwa kulabu wazi hujifungua gari likirukaruka.

Akanionya pia nisitoboe mahali po pote kabla ya kuchungulia nyuma yake. Huenda zikapita nyaya au bomba la mafuta. Na katika magari mengi ya siku hizi, mifuko ya hewa ya kuokoa watu imefichwa kandokando ya dari. Tena baada ya mwendo wa saa moja simama, ukaze mikanda upya, kwani mzigo hujipanga na mikanda hulegea.

Tulipokwenda mara ya pili, mama yule hakupanda upesi. Alikwenda nyuma ya gari, akaushika ule wavu mkubwa kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaitafuta jeki kwa macho, akaiona imefungwa sakafuni. Ndipo akapanda. Tulipopita mahali pa mbuzi, mtoto alikuwa amelala.

Asiye na nyavu anayo kamba, na kamba yatosha kwa kuanzia. Mzigo haufungwi kwa ajili ya mzigo. Hufungwa kwa ajili ya yule aketiye mbele yake.