Kila mpangaji na kufuli lake

Wadau, leo nina neno kuhusu seva. Msikimbie, linahusu watu kuliko mashine.

Gazeti moja nililowahi kulifanyia kazi lilikuwa na seva ambayo waandishi, wapiga picha na wasanifu wa kurasa tulipandishia kazi zetu kwa FTP. Kila mtu na nywila yake. Safi kabisa. Ila ukishaingia, panda ngazi moja tu, unaona mafolda ya wote. Mkononi nilikuwa na nyaraka za karani mmoja aliyenipa kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane. Sikuzipandisha.

Nilipouliza nikajibiwa: "Kwani hatuaminiani?" Jamani! Karani yule aliniamini mimi, hakuliamini gazeti zima. Isitoshe, anayeiba nywila ya mmoja wetu anakuwa ameingia kwa wote. Na FTP ya asili, iliyobuniwa mwaka 1971, hupitisha nywila wazi wazi mtandaoni.

Nyumba za kupanga pale Magomeni tunaishi vizuri, korido moja, lakini kila chumba kina kufuli. Hakuna anayesema kufuli ni tusi kwa jirani.

Kufuli la seva ni la zamani. Chroot iliingia kwenye Unix mwaka 1979. Inaiambia programu kwamba folda fulani ndiyo mwanzo wa dunia, juu yake hakuna kitu. Mwaka 2008 OpenSSH ikaongeza mpangilio wa ChrootDirectory, hivyo SFTP, inayosafirisha kila kitu kwa msimbo, inaweza kumfungia kila mtumiaji chumbani kwake. Kuna sharti moja: folda hiyo imilikiwe na mtumiaji mkuu, root, na mwingine yeyote asiweze kuandika humo, la sivyo seva inakataa kukuingiza. Fundi mvivu hukata tamaa hapo. Dawa ni kutengeneza folda ndogo ndani yake, mtumiaji akaandikia humo.

Mwenye ufunguo wa root bado anaona vyote, kwa hiyo nyaraka za hatari zifungwe kwa msimbo kabla hazijapanda.

Ahadi kwa chanzo cha habari hailindwi na tabia njema za wenzako tu. Na kwenu je? Kesho ukiingia kwenye seva ya kazini, panda ngazi moja, halafu nipe jibu.