Roketi za Karatasi Colorado

Sisi watu wa Malindi habari za roketi si ngeni kwetu. Pale Ngomeni, ndani ya bahari, Waitaliano walisimamisha jukwaa lao la San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake ya uhuru. Lakini kusikia si kuona. Roketi ya kushika mkononi sikuwahi kuiona mpaka nilipokwenda Marekani kumtembelea dada yangu anayeishi Denver, jimbo la Colorado.

Usiku ule ule niliofika, kabla pumzi haijazoea mji ulio mita 1,600 juu ya bahari, mpwa wangu alinibwagia boksi la roketi mezani. "Mjomba, Jumamosi tunarusha. Njoo tujenge!" Nikamtupia jicho mama yake, nikingoja amkemee. Kwetu mtoto akikutwa na kiberiti tu, mtaa mzima utajua. Huyu anazungumzia baruti, na dada yangu anaendelea kumimina chai.

Ndani ya boksi mlikuwa na bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, parachuti iliyokunjwa, mpira mwembamba wa kuifungia na vibao vya mti wa balsa, vyepesi hata ukiviweka kiganjani huhisi uzito. Nikauliza chuma kiko wapi. "Chuma ni marufuku, Mjomba. Kikipasuka, kitaumiza watu." Basi tukakaa kuvipiga msasa vibao vile, yaani mapezi ya roketi, upande huu na upande ule, mpaka ncha zikawa laini. Tukayapaka gundi, tukayabandika kwenye bomba, kisha tukalazimika kuyaacha yakauke hadi kesho. Mimi nilitaka kuendelea. Mtoto ndiye aliyenizuia.

Ilipokauka tulitoka nayo uani. Mpwa wangu aliifunga uzi pale inapolingana uzito, akaanza kuizungusha juu ya kichwa chake. Roketi ikayumba, ikajigeuza kinyumenyume, halafu pua ikashika njia na mkia ukafuata. "Hii itaruka," akasema. Ingekataa kutanguliza pua, tungeiongezea uzito mbele. Roketi ambayo mkia unaishinda pua huweza kuwageukia walioirusha.

Jumamosi shemeji yangu alituendesha kuelekea kusini, mlima Pikes Peak ukiwa kulia kwetu. Njiani akanipa asili ya mchezo huu. Umoja wa Kisovyeti uliporusha setilaiti ya Sputnik Oktoba 1957, vijana wa Marekani walishikwa na wazimu wa roketi. Wakawa wanashindilia kemikali kwenye mabomba ya chuma, na wengine wakapoteza vidole na macho. Dawa ilikuwa imeshapatikana kwa mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska. Jina lake Orville Carlisle, na tangu 1954 alikuwa ametengeneza roketi ya karatasi yenye injini ya baruti inayotumika mara moja na kutupwa. G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye roketi kubwa katika uwanja wa majaribio wa White Sands, akaueneza ubunifu huo. Vernon Estes wa Denver naye akaunda mashine ya kushindilia injini hizo kwa wingi, akaipa jina Mabel. Mwaka 1961 kiwanda chake kikahamia mji mdogo wa Penrose, huko huko Colorado.

Uwanja wa kurushia ulikuwa nyika tupu ya majani makavu. Nilidhani nitakuta watoto. Nikakuta wazee wenye ndevu nyeupe, akina mama na wasichana, kila mmoja na roketi yake kwapani. Kabla ya kurusha, mzee mmoja aliikagua yetu, akavuta mapezi, akatikisa pua. Mpwa wangu akanionyesha injini, kibomba cha karatasi cha sentimita 7 kilichoandikwa B6-4. Herufi ni nguvu yote iliyomo, na kila herufi inayofuata huweza kufikia nguvu mara mbili ya iliyotangulia. Sita ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Nne ni sekunde za kungoja, baruti ikishakwisha, kabla ya mlipuko mdogo kuisukuma parachuti nje.

Roketi ikavishwa kwenye fimbo ya chuma, waya zikaunganishwa, tukarudi nyuma mita tano. Hakuna kiberiti, ni betri, ufunguo na kitufe. Tano, nne, tatu, mbili, moja! Kimya. Nikainua mguu niende kuangalia, mkono wa mtoto ukanidaka shati. "Mjomba, dakika nzima! Ndiyo sheria." Akachomoa ufunguo, tukangoja, akabadilisha waya wa kuwashia.

Mara ya pili ilitoka na sauti ya samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka. Baruti iliwaka chini ya sekunde moja, na macho yangu yalipoifikia, roketi ilikuwa nukta yenye mkia wa moshi. Juu kabisa pakatoka "pa!" hafifu, parachuti ya rangi ya machungwa ikafunguka. Nilipiga vigelegele kama niko harusini, na Wamarekani wakageuka kunitazama. Tukaikimbilia nyikani huku upepo ukiipeleka.

Tulipokuwa tukiikunja parachuti nilimsimulia habari za San Marco na Uhuru. Hakuamini kwamba Malindi kulirushwa setilaiti kabla mama yake hajazaliwa.

Kwa hiyo, msomaji, mtoto wako akikujia na hamu ya roketi, usimfukuze, wala usimwache akachanganye baruti mwenyewe nyuma ya nyumba. Mpe karatasi, gundi na msasa, mtafutie injini ya kiwandani inayoruhusiwa na sheria za nchi yako, na usimame naye mita tano nyuma.