Mabibo Niliyoyauza

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, nawaandikia habari ambayo sikupenda kuiandika, kwa kuwa yanihusu mimi mwenyewe.

Mwajua mwaka wetu ulivyo. Tangu Septemba hata Desemba mikorosho huangusha. Korosho twazipeleka ghalani, bali mabibo hubaki chini ya miti, mengi kuliko watu wawezavyo kula. Basi hukamuliwa, na maji yake yakiachwa huchachuka, yakawa uraka. Uraka nao ukichemshwa, na mvuke wake ukipozwa, hutoka nipa, iliyo kali kupita uraka.

Mimi sinywi. Miaka mingi nimewafundisha vijana wajiepushe na ulevi, nikadhani nimetimiza wajibu wangu. Lakini kila msimu jirani yangu mmoja alikuja na ndoo zake, akaokota mabibo ya shamba langu, akanilipa. Kwa fedha ile niliwanunulia watoto madaftari. Wala sikumwuliza ayapeleka wapi, kwa maana nilijua.

Hata msimu mmoja mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, alishinda kilabuni siku mbili akinywa nipa. Siku ya tatu aliniita, akasema, "Kaka, mbona hakuchi?" Na jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Tulimchukua hospitali. Mganga akatueleza kwamba katika pombe ya kupikwa kwa siri huweza kuwamo namna ya spiriti iitwayo methanoli. Mnywaji haitambui kwa ladha. Mwilini hugeuka sumu ya kuharibu mshipa wa macho, na dalili zake huweza kukawia hata siku nzima: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, macho kuona ukungu. Dawa ipo, lakini yataka mgonjwa afikishwe upesi. Sisi tulimwacha alale, tukisema ulevi utamtoka. Uhai wake ulipona, macho hayakupona.

Wala asiseme mtu, "Mimi nanywa uraka tu." Pombe yo yote hudhuru ini, tena huleta saratani, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Kama nipa ile ilitoka katika mabibo yangu, sijui. Lakini siwezi kusema haikutoka, na neno hili ndilo liniamshalo usiku.

Sasa mabibo yangu mengine twayakamua na kuyanywa siku ile ile, yangali matamu, na yaliyosalia twayafukia yawe mbolea. Jirani yangu alinikasirikia, naye ana watoto wa kulisha; kwa hiyo nimempa sehemu ya shamba alime mihogo na mbaazi.

Mdogo wangu hukaa barazani kwangu. Ndoo zikilia njiani, huniuliza, "Kaka, ni nani apitaye?" Nami namjibu kweli.

Wasalaam,
Mwalimu wenu