Daftari la Adhabu

Walimu walimwita Redio, kwa sababu hazimiki. Alikuwa kidato cha kwanza, mwembamba, shati limechomoka kila saa. Swali halijaisha, yeye keshajibu. Akikaa dakika kumi atapiga dawati kwa vidole, atageuka nyuma, atasimama kuchungulia dirishani. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80, na mimi nilikuwa mwalimu wa mazoezi, mwaka wa pili chuo kikuu, nina sketi mpya na woga wa kuonekana siijui kazi.

Wiki ya pili mwalimu wa nidhamu alipita nje, akasikia kelele, akaingia na kunipa fimbo yake. "Madam, ukiwachekea hawa watakupanda kichwani."

Niliogopa macho yake kuliko kelele za darasa. Nikamwita Redio mbele. Akanyoosha mkono kabla sijamwambia, kama abiria anayetoa nauli. Nikampiga viwili. "Asante, madam," akasema, akarudi kukaa. Kabla ya kengele alikuwa anapiga dawati tena.

Jioni nilipewa daftari la adhabu nijaze: jina, kosa, idadi ya viboko, sahihi. Nikafunua kurasa za nyuma. Muhula ule peke yake jina lake lilikuwamo mara 11, na makosa ni yaleyale: kelele, kutembea darasani, kudakia. Mgonjwa gani anapewa dawa moja mara 11, haponi, na bado anaandikiwa ileile? Nikalinganisha tarehe na ratiba ya ukutani. Karibu zote ziliangukia siku zenye vipindi viwili mfululizo. Habari za mtoto yule zilikuwa pale muda wote, ila daftari lilikuwa la kuandikia tu. Hakuna aliyelisoma.

Nikamhamishia dawati la mbele. Nikampa kazi ya kugawa madaftari na kufuta ubao, na vipindi vikiwa virefu nilimtuma chaki ofisini. Hakubadilika kuwa malaika. Aliendelea kudakia. Lakini alianza kumaliza zoezi, na ndipo nilipouona mwandiko wake kwa mara ya kwanza.

"Unamzawadia mkorofi," mwalimu wa nidhamu aliniambia. Sikumchukia. Shule nzima ilimtegemea yeye, na mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa huyohuyo wa Hisabati, hana hata saa moja ya kukaa na mtoto. Fimbo ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika elimu maalumu. Kwenye semina tulisoma kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002: anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, viandikwe. Mimi sikuwa na barua yoyote. Wenzangu walibishana, wengine wakisema fimbo ndiyo iliyowafikisha chuoni. Mmoja akakumbusha kwamba Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na bado watoto wanachapwa huko, kwa sababu marufuku peke yake haimpi mwalimu kitu kingine cha kufanya.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nawaza kwamba hata ningekuwa na barua, nilimwadhibu Redio kana kwamba amekataa kutulia, bila kujiuliza kama ameshindwa. Hali yake sikuipima, wala siwezi kuipa jina leo. Najua tu kwamba anayekataa na anayeshindwa wanafanana sana ukiwatazama kutoka mbele ya ubao, na msaada wanaouhitaji haufanani.

Nilipomaliza wiki zangu nane, nilimwachia mwalimu wa darasa barua ya ukurasa mmoja: mtoto huyu akae mbele, apewe kazi za kusimama, vipindi virefu avunjiwe katikati. Sikuandika kwamba nilimpiga. Hilo limo kwenye daftari: jina lake, kosa lake, namba mbili, na sahihi yangu.